Sura ya Sita: Mlango Unaofungukia Barabarani

Hiace ya abiria inaposimama jirani na soko la Kenya, mlango wake unafunguka upande wa kushoto. Gari hilo liliundwa kwa ajili ya Japani, ambako magari hupita kushoto, na mlango ukawekwa huko ili abiria ashukie kando. Lubumbashi magari hupita kulia. Anayeshuka anakanyaga lami, upande ule ule ambao magari mengine yanapita kwa haraka ili kuliacha nyuma basi lililosimama. Mama anatangulia na kapu lake, mtoto anafuata na begi la shule mgongoni, na kabla hajajua ageukie wapi, manseba, yaani pikipiki ya abiria, imeshafika alipo.

Kenya inayosemwa hapa ni komini, mojawapo ya komini saba za jiji la Lubumbashi, makao makuu ya jimbo la Haut-Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Watu wa mpira wanaijua kwa uwanja wake, ule wa Frédéric Kibassa Maliba, ambako TP Mazembe walicheza kabla ya kujijengea uwanja wao Kamalondo. Watu wa biashara wanaijua kwa soko lake, lililokwisha kumwagika nje ya mipaka yake likafika barabarani. Nyumba zimebanana, ua unapakana na ua, na wakazi wengi wanakwenda kazini, kanisani, kisimani na shuleni kwa miguu. Mahali kama hapa, kusema habari za usalama barabarani ni kusema habari za mtu anayetembea. Na kwa kuwa nusu ya watu wa nchi hii ni watoto na vijana wadogo, ni kusema habari za mtoto anayetembea.

Magari yenye usukani wa kulia yamefikaje katika nchi inayopita kulia? Kwa njia ya bei. Gari lililotumika Japani ni rahisi kuliko lililotumika Ulaya, na njia zake za kuingia Katanga zinapitia bandari za Dar es Salaam na Durban, kisha Zambia. Tanzania, Afrika Kusini na Zambia zote hupita kushoto. Gari linasafiri maelfu ya kilomita likiwa upande wake halali, hadi Kasumbalesa, mpakani, kilomita zipatazo 90 kutoka Lubumbashi. Hapo linavuka na kubadili upande. Sheria ya barabara ya Kongo, iliyotolewa tarehe 30 Agosti 1978, inamtaka dereva apite kulia, na serikali imewahi kuyapiga marufuku magari ya aina hii. Yameendelea kuingia, kwa sababu mwenye kipato kidogo anayetaka kuanzisha biashara ya kubeba watu hana jingine analolimudu.

Dereva wa gari kama hilo ameketi upande wa ukingo wa barabara. Akitaka kulipita lori lililo mbele yake, haoni kinachokuja mpaka atoe karibu gari zima katikati. Mara nyingi humtegemea abiria aliyeketi kushoto amwambie kama njia ni nyeupe. Mtoto anayevuka akitokea upande wa pili, mbele ya lori hilo, hayumo katika hesabu ya yeyote kati yao.

Kuna nchi iliyowahi kuishi na kasoro ya namna hii, ikaamua kuimaliza kwa siku moja. Uswidi, hadi mwaka 1967, ilipita kushoto huku magari mengi yakiwa na usukani wa kushoto. Alfajiri ya tarehe 3 Septemba mwaka huo, nchi nzima ilihamia kulia. Watu hukumbuka picha za Stockholm na magari yake yaliyokwama, lakini kazi kubwa ilikuwa ya mabasi. Milango yake ingefungukia katikati ya barabara kuanzia asubuhi hiyo, na jambo hilo halikukubalika. Mabasi yapatayo 8,000 yalifanyiwa kazi yakapata milango pande zote mbili, mapya kama elfu moja yakanunuliwa, na miji ya Göteborg na Malmö ikayauza ya kwake Pakistan na Kenya, ile jamhuri, ambako kushoto kulikuwa bado ndiko kwenyewe. Serikali ilielewa kwamba mlango wa basi ni sehemu ya barabara. Haut-Katanga haina fedha za Uswidi, na hakuna anayedai kila Hiace ing'olewe mlango kesho. Lakini mamlaka inayotoa leseni ya kubeba abiria inaweza kuamua basi lisimame wapi, na kituo kilichoingizwa ndani, nje ya lami, kinampa anayeshuka nafasi ya kusimama salama hata kama mlango uko upande usiofaa.

Kutembea hakukuja Kenya kwa bahati mbaya. Wabelgiji walipouanzisha mji wa Elisabethville mwaka 1910, waliupanga kwa ajili ya wazungu wachache wa serikali, reli na kampuni ya Union Minière. Waafrika walitengwa katika mitaa yao, na kati ya pande mbili hizo ukaachwa ukanda mtupu wenye upana wa mamia ya mita, kwa kisingizio cha afya. Mtaa wa Albert, ambao leo ni Kamalondo, ulitangulia. Kenya ikafuata kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, na Katuba baada ya Vita Kuu ya Pili. Mfanyakazi aliukata ukanda ule kwa miguu asubuhi, akaukata tena jioni. Mji ulimhitaji afike kazini, haukujishughulisha na jinsi atakavyofika.

Ukanda umejengwa siku nyingi, lakini desturi ya kumsahau mtembeaji imebaki katika ramani. Barabara kuu za jiji zilipanuliwa na kuwekwa lami mara kadhaa tangu machimbo yafufuke mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kila mara lami ilipoongezwa, kasi iliongezeka, na mara chache sana njia ya miguu iliongezwa nayo. Kandoni upo mtaro, nao uko wazi. Msimu wa mvua unajaa maji na takataka, msimu wa kiangazi vumbi jekundu linafunika kila kitu. Palipo na sehemu kavu ya kutosha kutembea, muuzaji ametandika nyanya, makaa au nguo za mitumba, kwa kuwa naye anamfuata mteja alipo. Mtembeaji anabakiwa na ukingo wa lami, bega kwa bega na mkokoteni wa pousse-pousse, baiskeli iliyopakia magunia ya makaa, na malori.

Malori yanastahili kusemwa peke yake. Kongo huchimba zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na shaba yake nyingi hutoka Katanga. Madini hayo husafiri kwa barabara kwenda kusini, na kwa barabara hiyo hiyo hurudi mafuta, mashine na asidi ya salfa ya viwandani. Tarehe 20 Februari 2019, lori la asidi liligongana na basi karibu na kijiji cha Kabwe, eneo la Tenke katika jimbo jirani la Lualaba, na watu wasiopungua 18 wakafa. Msiba ule ulisikika duniani kwa sababu ya asidi. Misiba ya mtoto mmojammoja, anayegongwa na bampa la lori ambalo dereva wake hakuweza kumwona kutoka juu alikokaa, haisikiki hata upande wa pili wa jiji. Dereva aliyekaa katika kibanda kirefu haoni kilicho karibu mbele ya pua ya lori. Mtu mzima akisimama hapo, kichwa chake huenda kikaonekana. Mtoto wa darasa la kwanza hatoonekana kabisa.

Saa za hatari kwa mtoto wa Kenya zinajulikana, wala hazihitaji utafiti. Shule nyingi za msingi za jiji husomesha kwa zamu mbili, wengine asubuhi na wengine mchana, kwa kuwa madarasa hayatoshi. Kwa hiyo karibu na saa sita mchana mamia ya watoto wenye sare ya buluu na nyeupe wanatoka, na mamia wengine wanaingia, kwa lango moja, juani, wakati barabara imejaa. Mwezi Septemba 2019 serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, ahadi iliyokuwa imeandikwa katika Katiba ya 2006. Watoto kwa mamilioni waliingia darasani nchini kote. Ni jambo jema, mojawapo ya mambo mema makubwa nchi hii imefanya kwa watoto wake katika kizazi hiki. Lakini kila mtoto aliyeongezeka darasani ameongezeka pia barabarani, mara mbili kwa siku, na hakuna bajeti ya vivuko iliyoongezwa pamoja na bajeti ya walimu.

Kisha jioni. Lubumbashi jua huzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, zamu ya mchana ikiwa imetoka muda si mrefu, na umeme wa mitaani hautegemewi. Giza linapoingia, mtoto mwenye sare ya buluu anaonekana kwa taa za gari tu, na si kila gari lina taa mbili zinazowaka.

Katika mikutano ya wazazi, jibu linalotolewa kwanza ni kumfundisha mtoto. Atazame kushoto, atazame kulia, atazame tena kushoto, avuke bila kukimbia. Mafunzo hayo ni mazuri na yaendelee. Ila kuna mpaka ambao mafunzo hayawezi kuuvuka, na umejulikana kwa zaidi ya nusu karne. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Uswidi, Stina Sandels, aliwachunguza watoto wadogo barabarani na kufikia hitimisho lililowaudhi wengi wakati ule, kwamba mtoto wa chini ya miaka kama kumi hana uwezo wa kimwili na kiakili wa kujilinda katika msongamano wa magari, hata awe mwerevu na mtiifu kiasi gani. Macho yake yako chini, hayaoni juu ya gari lililoegeshwa. Masikio yake hayatambui vizuri sauti inatoka wapi. Akiuona mpira au rafiki upande wa pili, kila kitu kingine kinafutika.

Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na John Wann waliongeza jambo la kutisha zaidi. Jicho la binadamu hujua kwamba gari linakuja kwa kuona umbo lake likikua. Gari likija kwa kasi sana, na likiwa bado mbali, kukua huko ni kudogo mno kwa jicho la mtoto wa shule ya msingi kukutambua. Gari lililo kwenye mwendo wa zaidi ya kilomita 32 hivi kwa saa linaweza kuonekana kwake kama limesimama. Mtoto huyo ametazama kushoto, ametazama kulia, amefanya yote aliyofundishwa. Kisha akavuka, kwa sababu alichokiona kilimwambia njia iko wazi.

Fizikia ya mgongano nayo haina huruma. Mtembeaji akigongwa na gari lililo kwenye kilomita 30 kwa saa, uwezekano wa kupona ni mkubwa, watu tisa katika kumi. Kasi ikipanda kutoka 50 hadi 65, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, hatari ya kufa inazidi mara nne na nusu. Ndiyo sababu mawaziri waliokutana Stockholm mwezi Februari 2020 walikubaliana kwamba pale watembea kwa miguu na magari wanapochanganyika, kikomo kiwe kilomita 30. Barabara zinazozunguka soko la Kenya ni mahali pa namna hiyo hasa, kuanzia alfajiri hadi usiku.

Watoto wangapi wamegongwa Kenya mwaka jana? Mwenye kutaka kujibu angepaswa kupita ofisi nyingi. Polisi wa barabara, wanaoitwa roulage na kila mtu mjini, huandika ajali walizoitwa. Hospitali ya Jason Sendwe na vituo vya afya huandika majeruhi, mara nyingi bila kueleza waligongwa na nini au wapi. Mochwari ina daftari lake. Mtoto aliyegongwa na manseba, wazazi wakapatana na mwenye pikipiki juu ya gharama za matibabu, haingii popote. Aliyekufa wiki ya pili baada ya ajali huandikwa kwa ugonjwa uliomuua mwishoni, ingawa kanuni ya kimataifa inasema kifo chochote ndani ya siku 30 baada ya ajali ni kifo cha barabarani. Ipo Tume ya Taifa ya Kuzuia Ajali za Barabarani, CNPR, yenye jukumu la kukusanya habari hizi, lakini haiwezi kukusanya kisichoandikwa.

Matokeo yake ni pengo kubwa. Katika ripoti yake ya mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba zaidi ya watu 26,000 walikufa barabarani Kongo mwaka 2016, yaani 33.7 kwa kila watu 100,000, kiwango kilichoiweka nchi miongoni mwa zilizo mbaya kabisa duniani. Tanzania ilikadiriwa 29.2 na Kenya, ile jamhuri, 27.8. Hesabu rasmi zinazotoka katika madaftari ni sehemu ndogo tu ya makadirio hayo. Anayesema vifo vimepungua au vimeongezeka Haut-Katanga mwaka hadi mwaka anasema juu ya madaftari, hasemi juu ya barabara.

Mwelekeo wa bara lakini unajulikana. Ripoti ya 2023 ya shirika hilo hilo ilionyesha kwamba kati ya 2010 na 2021 vifo vya barabarani duniani vilipungua kwa asilimia 5, vikafika milioni 1.19. Kanda ya Afrika ilikwenda kinyume, vifo vikaongezeka kwa asilimia 17. Afrika ina asilimia 3 tu ya magari ya dunia, na asilimia 19 ya vifo. Watembea kwa miguu waliokufa duniani waliongezeka hadi 274,000 kwa mwaka, huku vifo vya waliomo ndani ya magari vikishuka. Na kwa watu wa miaka 5 hadi 29, barabara inaua kuliko malaria, kuliko UKIMWI, kuliko kitu kingine chochote. Mkanda, mfuko wa hewa na breki bora vimemlinda aliyeketi ndani. Aliye nje havijamsaidia.

Utajiri peke yake hauleti nafuu. Marekani, mwaka 2009, ilipoteza watembeaji 4,109. Mwaka 2022 ilipoteza zaidi ya 7,500. Magari yake yamekuwa marefu na mazito, pua zake zimepanda hadi kifuani mwa mtu mzima, na barabara pana za pembezoni mwa miji zinakimbiza magari mbele ya maduka na vituo vya mabasi bila kivuko karibu. Lubumbashi inanunua magari ya aina hiyo kila mwaka, na wanaozipanua barabara zake wanapenda kuifuata ramani hiyo hiyo.

Uholanzi inaonyesha njia nyingine. Mwaka 1971 watu wapatao 3,300 walikufa katika barabara za nchi ile ndogo, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyefiwa na binti yake mdogo, aliandika makala yenye kichwa kilichogeuka kuwa jina la harakati, Stop de Kindermoord, komesheni mauaji ya watoto. Wazazi walizifunga barabara, wakaandamana kwa baiskeli, wakatandika meza katikati ya mitaa na kula chakula cha jioni hapo. Bunge likasikia. Miaka ile ile ikazaliwa mitaa ambayo gari linaruhusiwa kuingia kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mtoto anayecheza ana haki ya kuwapo. Leo vifo vyote vya barabarani Uholanzi, watu wazima na watoto, ni kama 600 na kitu kwa mwaka, magari yakiwa mengi zaidi kuliko wakati ule.

Lakini takwimu inayoshuka inaweza kudanganya, na Uingereza ndiyo ushahidi. Vifo vya watoto watembeao vilishuka huko kwa miongo mingi, serikali ikafurahi. Mwaka 1990 Mayer Hillman na wenzake wakauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: watoto wako wapi? Waligundua kwamba mwaka 1971 watoto wanane katika kumi wa miaka saba na minane walikwenda shule bila mtu mzima. Mwaka 1990 walikuwa asilimia 9 tu. Barabara haikuwa salama zaidi, ila mtoto alikuwa ameondolewa, amefungiwa nyumbani au ndani ya gari la baba. Kenya ya Lubumbashi haiwezi kujificha nyuma ya usalama wa namna hiyo, hata ingetaka. Baba hana gari. Mama yuko sokoni tangu alfajiri. Mtoto wa miaka tisa anamshika mkono mdogo wake wa miaka sita, na hao wawili ndio msafara.

Kwa hiyo mfano unaofaa zaidi hautoki Ulaya. Unatoka Dar es Salaam, mji unaosema Kiswahili, wenye pikipiki, Hiace, masoko ya kando ya barabara na shule zilizofurika. Shirika la Amend liliendesha huko mpango uitwao SARSAI, likichagua shule ambazo watoto wake walikuwa wakigongwa mara nyingi. Hatua ya kwanza ilikuwa kuuliza. Wachunguzi walipita nyumba kwa nyumba kuwauliza wazazi kama mtoto wao ameumizwa barabarani, lini na wapi, kwa sababu hata Tanzania madaftari ya polisi na hospitali hayakutosha. Kisha walitazama watoto wanapita wapi kweli, maana mchoro wa mhandisi na unyayo wa mtoto ni vitu viwili. Ndipo wakajenga: matuta ya kupunguza mwendo, njia ya miguu yenye upana wa kutosha, vigingi vya kuzuia magari kupanda kando, vivuko vilivyochorwa, alama. Pengine lango la shule lilihamishwa kutoka barabara kuu likapelekwa kwenye kichochoro cha nyuma. Kuhamisha lango ni kazi ya fundi, mifuko kadhaa ya saruji na uamuzi wa mwalimu mkuu.

Waliofanya utafiti walilinganisha shule tisa zilizojengewa na nyingine tisa zilizosubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018, na majeraha ya barabarani kwa watoto yalikuwa yamepungua kwa asilimia 26. Mwendo wa magari mbele ya baadhi ya shule ulishuka hadi kwa asilimia 60. Mwezi Aprili 2019 mpango huo ulipewa jijini New York tuzo ya miji ya taasisi ya WRI, dola 250,000, ukiishinda miradi yenye majina makubwa, kama vile magari ya kamba ya Medellín. Kufikia wakati huo ulikuwa umefika maeneo ya shule kama 50 katika nchi tisa za Afrika. Zambia, jirani anayetenganishwa na Lubumbashi kwa kizuizi cha Kasumbalesa tu, nayo imeona vivuko na njia za miguu zikijengwa mbele ya shule za Lusaka kwa juhudi za Zambia Road Safety Trust.

Asilimia 26 inaweza kuonekana ndogo kwa mtu aliyezoea kusikia ahadi. Ni robo ya watoto wote ambao wangevunjika mguu, wangepasuka kichwa au wangezikwa, na hawakufanyiwa lolote ila kupewa tuta na njia ya kutembea. Hakuna semina iliyowahi kufikia hapo.

Kongo yenyewe haikosi ubunifu. Mwaka 2013 Kinshasa ilisimamisha katika njia panda zake roboti za kuongoza magari, zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake, zenye mikono inayonyanyuka na kamera. Dunia nzima ilikuja kupiga picha. Kilichopendeza katika roboti zile ni kwamba zilimpa mtembeaji zamu yake, zikamsimamishia gari. Roboti moja lakini hulinda njia panda moja, na mtoto wa Kenya anavuka pasipo na njia panda, palipo karibu na lango la shule. Hapo tuta, lile ambalo Lubumbashi huitwa dos d'âne, hufanya kazi mchana na usiku bila umeme na bila mshahara, wala haliwezi kuhongwa.

Yapo mapingamizi, nayo yasikilizwe. Madereva husema matuta yanavunja springi za magari yao, na ni kweli pale yalipojengwa na wakazi wenyewe usiku kwa mawe na udongo, baada ya msiba. Tuta la kihandisi lina urefu na mwinuko maalumu, na gari lililo kwenye kilomita 30 hulipita bila kuumia. Wauzaji wa kando huogopa kwamba njia ya miguu ni jina jipya la kufukuzwa. Hofu yao ina historia, maana mabanda yamevunjwa mara nyingi kwa jina la usafi wa mji. Mpango wowote wa Kenya utakaoanza kwa tingatinga utashindwa, na utastahili kushindwa. Soko ndilo linalowalisha watoto hao hao. Litengewe sehemu yake, mtembeaji atengewe yake, na lori lipunguziwe saa za kupita. Malori makubwa yakizuiwa katika mitaa ya komini kati ya saa tano na nusu na saa saba mchana, wakati zamu zinapobadilishana, migodi haitafungwa.

Umoja wa Mataifa umejiwekea lengo la kupunguza vifo na majeraha ya barabarani kwa nusu kati ya 2021 na 2030. Mkataba wa Afrika wa Usalama Barabarani, uliopitishwa Addis Ababa mwezi Januari 2016, unasema mengi ya namna hiyo. Karatasi hizo hazitafika Kenya zenyewe. Kila shule ya msingi ya Kongo lakini ina kamati ya wazazi, COPA, inayokutana na ina katibu anayejua kuandika. Kamati hizo za Kenya na zianze na daftari moja kwa kila shule: tarehe, saa, mahali, umri wa mtoto, aina ya chombo kilichomgonga, na yaliyompata baadaye hadi siku ya 30. Watoto wanaokoswakoswa nao waandikwe. Baada ya muhula mmoja, madaftari yote yapelekwe siku moja kwa bourgmestre, yaani mkuu wa komini, kwa OVD inayojenga barabara za jiji na kwa polisi wa barabara, pamoja na orodha ya malango matatu yanayoongoza kwa majeruhi, na ombi la matuta, kivuko na kituo cha basi kilichoingizwa ndani katika kila mojawapo. Wadai jibu la maandishi, lenye tarehe ya kuanza kazi.